Kasia la Kushoto

"Siendi. Nenda mwenyewe ukamdanganye mzee wa watu."

"Niende na mikono gani, Halina? Hii?"

Baba yake, Kazimir Wojnar, aliinua mikono yake miwili juu ya meza ya jikoni. Ilitetemeka. Kijiko alichokuwa amekishika kikagonga kikombe, kikagonga tena, mpaka akakiachia kwa hasira. "Hii ndiyo nishikie usukani kwenye barafu?"

"Nitakuendesha mimi. Ukifika uongee mwenyewe."

"Akiniona usoni atajua."

"Na mimi? Mimi sina uso?"

"Wewe una uso wa marehemu mama yako. Huo hata padri alikuwa anauamini."

Halina hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na tangu alfajiri alikuwa amesimama mbele ya tanuri la kiwanda kidogo cha mikate. Miguu ilimuuma, nywele zilimnuka unga. Hakuwa na nguvu ya kugombana. Lakini jambo hili hakulipenda tangu siku ya kwanza.

Jambo lenyewe lilikuwa chini yao, katika chumba cha chini ya nyumba, limelala mezani chini ya taa. Nge wa baharini. Nge wa zamani zile ambapo bonde lote la Mto Mohawk lilikuwa bahari ya chumvi, kabla ya mti wa kwanza kuota. Tope lilimfunika, tope likawa jiwe la kijivu, na jiwe likamtunza.

Katika vijiji vile, siku za mapumziko wengine huenda kuvua samaki, wengine huenda kuwinda kulungu. Na wako wachache ambao huenda machimbo ya Schell na nyundo na patasi, wakapasua mawe kama mtu anayefungua kurasa za kitabu kilichoshikana, wakitafuta nge. Kazimir alikuwa mmoja wao kwa miaka thelathini na moja. Alianza akiwa kijana wa kiwanda cha bunduki, akaendelea baada ya kustaafu. Kuta za chumba cha chini zilijaa nge wake.

Ila wote walikuwa magamba.

Hilo kila mchimbaji analijua. Nge alipokua, alipasua vazi lake pale mbele ya paji la uso, akapenya, akaenda zake. Unachokipata kwenye jiwe ni nguo aliyoiacha. Ukitaka kuhakikisha, tazama paji. Mshono ukiwa wazi, ni gamba, ndani hamna mtu. Mshono ukiwa umefungwa... ni mwili.

Mwezi wa kumi, jioni moja, jua likiwa limelala upande na mwanga wake ukiambaa juu ya mawe, Kazimir alipata mwili. Ulikuwa na urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Mweusi. Mnene. Paji limefungwa kimya. Nge huyo alikosa kitu kimoja tu: kasia la kushoto, ule mguu mpana wa kuogelea. Ulikuwa umekatika kwenye kiungo, safi, kama umekatwa na mtu.

Na wachimbaji wana mwiko wao. Gamba ni nguo, na nguo iliyochanika hutiwa kiraka, hakuna ubaya. Mwili si nguo. Mwili ni mwenyewe. Mwenyewe hatiwi kiungo cha mwingine. Nani aliyeuanzisha mwiko huo, hakuna anayekumbuka. Waliutania wakinywa bia zao. Waliutania, lakini waliushika.

"Kwa nini usimwache alivyo?" Halina aliuliza. "Ni mzuri hivyo hivyo. Watu watakuja kutoka Albany kumtazama."

Kazimir aliificha mikono yake chini ya meza, kama mtoto aliyeiba.

"Daktari kasema mwezi wa nne sitaweza kushika sindano," alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Nimesafisha magamba mia saba, Halinka. Nguo za watu walioondoka. Nataka mmoja tu. Mmoja mzima, aliyekuwepo. Kabla mikono haijaniaga."

Alipomwita Halinka, jina lake la utotoni, ugomvi ulikwisha. Halina akachukua funguo za gari.

* * *

Ilikuwa saa kumi na nusu jioni na, kama kawaida ya majira ya baridi, jua lilikuwa tayari limezama nyuma ya vilima. Theluji nyepesi ilikuwa ikianguka. Mzee Ambrose Van Slyke aliishi peke yake juu ya barabara ya kanisa, na kwa miaka hamsini ndiye aliyekuwa akitunza viungo vilivyookotwa. Mchimbaji aliyepungukiwa kichwa au mkia alikwenda kwake.

"Nani?" sauti iliuliza kutoka ndani. "Kama unauza dini, ninayo, na haijanisaidia."

"Ni mimi, babu. Halina wa Kazimir."

"Ingia basi, kabla baridi haijakutangulia."

Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Alimsukumia sahani ya biskuti pana zilizopakwa sukari, nusu nyeupe, nusu kahawia, akamwambia ale, kwa kuwa waoka mikate wote huwa wamekonda.

"Baba yako bado anapiga jiwe kama limemtukana?"

"Siku hizi hapigi sana, babu. Mikono."

"Mm." Mzee alitikisa kichwa. "Nimesikia. Anataka nini?"

Halina akatoa karatasi. Kazimir alikuwa amechora kipimo cha kiungo kilichokosekana. Mstari ulikuwa umejikunja kunja kama njia ya mdudu. "Kasia. La kushoto. Kubwa."

Mzee Ambrose alishusha kopo la biskuti kutoka rafuni. Akaondoa pamba, akapanga makasia matatu juu ya kitambaa. Mkono wake ulipofika kwenye la tatu ukasimama.

"Gamba au mwili?"

Ni swali ambalo huulizwa kila mara, kama vile mwenye duka anavyokuuliza kama unahitaji mfuko. Alikuwa hata hamtazami.

"Gamba," alisema Halina.

Sasa akamtazama.

"Umeliona paji mwenyewe?"

"Nimeliona, babu. Liko wazi."

Uongo wa pili huja bila kuitwa. Mzee akaendelea kumtazama, kisha akakunja kasia la tatu ndani ya pamba na kumtilia mkononi. "Mwambie aniletee soseji ya kulungu, atakapopata. Na ule. Unatisha ulivyokonda."

Kipande kile kilikuwa chepesi. Njiani kurudi alikiweka kwenye kiti cha pembeni. Mara mbili akakigeukia, bila kujua kwa nini, kama mtu anayehakikisha kuwa abiria wake amefunga mkanda.

* * *

Kazimir alikuwa amekwisha kuandaa kila kitu. Brashi, sindano, taa, na chupa ya gundi. Gundi ilikuwa ile inayoyeyuka kwa asetoni, dawa ambayo wanawake hufutia rangi ya kucha. Fundi mwema hafungi kitu asichoweza kukifungua, ndivyo alivyomfundisha Halina tangu utoto.

Lakini mikono ilikataa. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu kasia nusura lianguke.

"Shika wewe," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Shika tu hapo, kwa vidole viwili. Mimi nitadondosha gundi. Uhesabu mpaka mia mbili."

Kasia liliingia bila kubakiza nafasi. Halikuhitaji kuchongwa. Lilikuwa la mnyama mwingine, kutoka shimo jingine, na liliingia kama ufunguo kwenye kufuli lake.

Halina akashika. Akahesabu.

Ishirini. Themanini. Mia na kumi...

Mia na arobaini, jiwe lilimfinya.

Kidogo tu. Kama unavyoshika kiganja cha mtoto mchanga aliyelala, naye akakifunga juu ya kidole chako.

"Baba..."

"Usiachie."

"Baba, limeji—"

"Usiachie, Halinka! Bado kidogo tu."

Ndipo harufu ikaja. Wachimbaji wanaijua harufu ile: ukipiga jiwe la Schell likapasuka, hutoa pumzi ya mafuta ya taa na yai viza. Ni pumzi iliyofungiwa humo tangu ile bahari. Hutoka mara moja, ikapotea. Lakini usiku ule hakuna aliyekuwa amepiga jiwe, na harufu haikupotea. Ilijaa chumbani. Ilipanda ngazi.

Mia mbili.

Halina aliachia na kurudi nyuma. Mgongo wake ukagusa ukuta. Nge alilala chini ya taa, makasia yote mawili yametandazwa, kama mtu aliyejinyoosha.

"Tazama," Kazimir alinong'ona.

Hakuwa akimwonyesha nge. Alikuwa ameinua mikono yake mwenyewe mbele ya taa.

Ilikuwa imetulia.

Tuli kabisa. Alichukua sindano nyembamba kuliko zote, akachukua uzi, akautia tunduni mara ya kwanza. Akacheka. Halina hakuwa amesikia kicheko kile kwa miaka miwili, na akajikuta naye anacheka, analia, amemkumbatia baba yake shingoni. Akasahau kidole chake. Alitaka kusahau.

Walipika viazi vidogo vya chumvi, kama wafanyavyo siku za furaha, vikachemka hadi ngozi zikaota unga mweupe. Walikula na siagi. Walicheza karata, na Kazimir akazichanganya kwa madaha kama mtu wa kwenye sarakasi.

Kisha alinyanyuka, akaenda kwenye jiko. Akachukua sufuria lenye maji yaliyochemshia viazi. Maji ya chumvi tupu. Akaliinua mdomoni.

Akanywa lote. Hakupumua hata mara moja.

"Kiu," alisema.

* * *

Kesho yake Halina alirudi kutoka kazini jioni, akakuta taa za nyumba hazijawashwa.

Kwenye baraza, mfuko wa chumvi ya kumwagia ngazi wakati wa barafu ulikuwa umelala mtupu. Asubuhi ulikuwa umejaa. Kilo ishirini na tano.

"Baba?"

Bafuni kulikuwa na sauti ya maji. Maji yaliyosogea kidogo, yakatulia.

Alikuwa amelala ndani ya beseni la kuogea, gizani, maji yamemfika kidevuni. Halina aliyagusa. Yalikuwa baridi ya kukata. Chumvi ilikuwa imerundikana chini kama mchanga.

"Baba! Utakufa humo! Toka!"

"Sijambo," alisema Kazimir. "Maji yananipenda."

"Unasema nini? Nishike mkono. Twende."

"Sijambo, Halinka. Ni mikono ilikuwa imechoka. Sasa imepata pa kukaa." Alitabasamu. Uso ulikuwa wake. Sauti ilikuwa yake. Lakini Halina alisimama pale akimngoja apepese macho, akangoja, akangoja... na hakupepesa.

Alimvuta kwa nguvu zake zote. Hakusogea. Ilikuwa kama kuvuta jiwe lililozama kwenye tope.

Ndipo akasikia, kutoka chini.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Sauti ya sindano juu ya jiwe. Sauti ya utoto wake wote, baba akisafisha nge huku yeye amelala juu. Ila baba alikuwa hapa, ndani ya maji.

Akashuka ngazi moja moja. Sauti ilikoma kabla hajafika chini. Akawasha taa.

Nge alikuwa mahali pake. Halina akachukua lenzi, akainama juu ya paji la uso.

Mshono ulikuwa wazi.

Umefunguka kutoka upande hadi upande. Kingo zake zilikuwa zimegeukia nje.

Juu ya meza lilikuwa gamba, basi. Nguo. Ndani hamna mtu.

* * *

Alipofika kwa Mzee Ambrose hakungoja kuulizwa. "Nilikudanganya, babu. Ulikuwa mwili. Nilikudanganya."

Alitegemea matusi. Mzee alikaa tu chini, polepole, akiushika ukingo wa meza.

"Paji?"

"Limefunguka. Leo."

"Na yeye yuko kwenye maji."

Halina akaitikia kwa kichwa. Hakuwa amemwambia habari ya maji.

"Mdogo wangu Gerrit alikwenda kwenye tangi la kunyweshea ng'ombe," alisema mzee. "Mwaka ule wa mafuriko. Alikuwa na umri kama wako." Akageukia theluji dirishani. "Mwili uliopungukiwa hauwezi kutoka, mjukuu. Ndiyo maana hupungukiwa. Nani aliwapunguza, sijui, na sitaki kujua. Ukimkamilisha, anatoka. Akitoka hana nyama, na baridi ya huku haijui. Anakwenda kwa aliyetaka awe mzima."

"Nifanye nini?"

"Gundi ni ya kuyeyuka?"

"Ndiyo."

"Mshukuru Mungu. Gerrit alitumia saruji." Akampa brashi nyembamba, kana kwamba kwao hakuna brashi. "Loanisha kiungo. Loanisha tena. Kikilegea, chomeka sindano, ulitoe kasia. Lilete hapa usiku huu huu."

"Twende wote, babu. Tafadhali. Mimi siwezi."

"Nani alilishika wakati gundi inakauka?"

Halina alitazama vidole vyake viwili.

"Basi mkono wangu haufai kitu," alisema mzee. "Atakupigia kelele. Usipande juu. Usimjibu. Akisema lolote, mjukuu wangu, lolote... wewe loanisha."

* * *

Alipita mbele ya mlango wa bafu bila kutazama. Maji yakasogea kidogo, kama yanamfuata kwa sauti.

"Halinka? Umerudi?"

Hakujibu. Alishuka, akafunga mlango wa ngazi, akawasha taa. Bafu lilikuwa juu kabisa ya meza ya kazi; bomba la maji lilishuka ukutani karibu na bega lake. Kila kitu kilisikika.

Tone la kwanza la asetoni likapotea ndani ya kiungo.

Kimya.

La pili. La tatu. Gundi ikaanza kung'aa, kisha ikalainika kama utando wa maziwa. Halina alichomeka ncha ya sindano.

Juu, maji yalipigwa kwa kishindo.

"Halinka!"

Alisukuma. Ufa ukatokea, mwembamba kuliko unywele.

"Halinka, bega langu! Kuna nini? Njoo, bega langu linachanika!"

Mikono yake yeye sasa ndiyo iliyotetemeka. Alidondosha tone jingine. Nusu likamwagika mezani. Alijiambia kwamba si yeye. Si yeye, si yeye. Alisema kimoyomoyo sala ya Mama Maria, akakosea maneno, akaanza upya.

Baba yake akapiga ukelele.

Ulikuwa ukelele ambao hajawahi kuusikia kwa binadamu, na bado ulikuwa wake. Halina angemtambua baba yake katikati ya umati kwa ukelele ule. Ulishuka ndani ya bomba, ukamtetemesha mpaka meno. Ufa ulikuwa sasa unapitisha kucha. Kasia lilining'inia kwa uzi mmoja wa gundi. Uzi mmoja tu. Tone moja zaidi.

Kisha kelele zikakoma.

Hapo ndipo alipaswa kumaliza. Alijua. Aliinua brashi.

Lakini juu, baba yake alikuwa analia.

Hakulia kwa sauti. Alilia vile vile alivyolia siku walipomzika mama, aliposimama nyuma ya makoti yaliyotundikwa kwenye ukumbi wa kuingilia kanisani, akidhani hakuna anayemwona. Pumzi fupi fupi. Pua ikivutwa. Mtu mzima anayejitahidi asisikike.

"Halinka," alisema, taratibu sana. "Kama ni lazima, fanya. Lakini njoo unishike kwanza. Naogopa. Giza limekuwa zito humu, mwanangu, na sijui niko wapi."

Halina alingoja sekunde moja. Alingoja mbili.

Tone la asetoni lilikuwa linaning'inia kwenye ncha ya brashi. Lilizidi kunenepa. Na Halina, aliyekuwa akimfunga baba yake vifungo vya shati kila asubuhi kwa miaka miwili, aliyemkatia nyama yake sahanini na kumgeuzia uso ili asimwone anavyoaibika, aliona kwamba hawezi. Alijua kila kitu alichoambiwa. Alikumbuka kila neno. Na hawezi. Mkono wenyewe ulimkataa.

Aliweka brashi chini.

Kesho, alijiambia. Kesho asubuhi nitamleta babu kwa nguvu, nitambeba, asimame hapa aniambie nimalize. Usiku mmoja tu. Nitamtoa majini, nitamfunika mablanketi, na kesho...

Akachukua chupa ya gundi. Akasukuma kasia likarudi mahali pake, akalishika kwa vidole vile vile viwili. Akahesabu mpaka mia mbili, machozi yakimdondokea juu ya jiwe. Safari hii alipofinywa hakushtuka.

Juu, kilio kilikwisha polepole. Ikasikika pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nakuja, baba," Halina aliita. "Nakuja sasa hivi."

Hakujibiwa.

Bomba la ukutani likaguguma. Maji yalikuwa yanateremka. Mtu alikuwa ameking'oa kizibo cha beseni.

Kisha hatua. Chap... chap... Miguu mitupu iliyolowa, juu ya mbao. Hazikuelekea chumba cha kulala. Zilipita jikoni. Zilikuwa za haraka, nyepesi, za mtu ambaye hakuwa na umri wowote.

Halina alipanda ngazi mbili mbili, akajikwaa, akaumia goti, akafungua mlango kwa bega.

Kazimir alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, amevaa koti lake la kuwindia juu ya mwili mtupu. Maji ya chumvi yalimchuruzika vidoleni. Alikuwa ameufungua mlango, na theluji ilikuwa ikiingia jikoni. Nyuma yake kulikuwa na uwanja mweupe, na baada ya uwanja, miti, na baada ya miti, mto.

"Baba, ingia ndani. Njoo, nimeacha. Umeona? Nimeacha. Njoo ukae karibu na jiko."

Aligeuka. Alimtazama Halina kwa muda, kwa upole, kama mgeni anayemtazama mwenye nyumba aliyempa kitanda. Aliinua mkono wa kushoto, akaukunja na kuukunjua, akiujaribu. Haukutetemeka hata kidogo.

"Ahsante, binti," alisema. "Baba yako aliniambia utanihurumia."